Vumbi la Arusha lina bei, na wanaoilipa tunawajua

Kwenye kibanda cha fundi cherehani mmoja upande wa Kwa Mrombo kuna gauni jeupe la komunio ambalo halijavaliwa na mtu lakini limeshafuliwa mara mbili. Limetundikwa ukutani, limefunikwa nailoni, na juu ya nailoni kimetandazwa kipande cha khanga. Ukiinua khanga ukapitisha kidole kwenye nailoni, kidole kinatoka na rangi ya moramu. "Kaka, hili nikilifua mara ya tatu satini itachakaa kabla mtoto hajaliona," aliniambia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani kwa sababu Jumamosi haimsubiri mtu.

Barabara iliyo mbele ya kibanda chake ilichimbwa, ikamwagwa kifusi, ikasawazishwa, kisha mitambo ikaondoka. Imekaa hivyo miezi. Kila kifodi, daladala zetu ndogo, kikipita linanyanyuka wingu, linasogea taratibu, linaingia mlangoni na kutua linapotaka: kwenye vitambaa, kwenye kioo cha wateja, kwenye mafuta ya cherehani, ambako linageuka tope jembamba na kuifanya sindano iruke mishono.

Nilimuuliza vumbi linamgharimu kiasi gani kwa mwezi. Hakuwahi kupiga hesabu. Tukachukua karatasi anayokatia pateni tukaanza kuandika. Maji ya kumwagia mbele ya kibanda: madumu manne ya lita 20 kwa siku, na yeye dumu ananunua kwa shilingi 200. Hiyo ni shilingi 800 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi inafika 20,800. Sabuni ya kufulia nguo ambazo hazikupaswa kufuliwa. Umeme wa pasi kwa kazi iliyokwisha kupigwa pasi. Mafuta ya cherehani, chupa iliyokuwa inamaliza mwezi sasa inaisha kwa wiki. Dawa ya kikohozi ya mtoto wake mdogo, anayeshinda naye hapo kibandani. Sare za kwaya zilizopelekwa kwa fundi mwingine mjini kwa sababu kiongozi wa kwaya aliona vitambaa vya watu vimepauka. Hizo za kwaya hatukuweza kuziandikia bei. Hata bila hizo, vile vinavyohesabika vilizidi nusu ya kodi ya kibanda.

Karatasi ile ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Mji unaposhindwa kufikia viwango vya hewa safi, kuna gharama, na gharama lazima imwangukie mtu. Hapa Arusha inamwangukia mwenye biashara ndogo kuliko wote na aliye karibu na barabara kuliko wote, ilhali aliyelitimua vumbi na anayetoa moshi hawadaiwi hata shilingi.

Viwango tunavyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mwaka 2007 zikatungwa kanuni za viwango vya ubora wa hewa chini ya sheria hiyohiyo. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lipo. Kwa upande wa dunia, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikaza mapendekezo yake mwaka 2021: chembechembe laini kabisa, zinazoitwa PM2.5, wastani wake wa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2005, pendekezo lilikuwa 10. Kwa chembe nene zaidi, PM10, pendekezo la sasa ni 15 kwa wastani wa mwaka na 45 kwa saa 24.

Ni viwango vikali, na karibu dunia nzima inavishindwa. WHO yenyewe inasema asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa inayovuka mapendekezo yake. Kwa hiyo sitaki mtu asome hapa kwamba Arusha ni mji wa aibu kati ya miji misafi. Miji inatofautiana katika kile kinachofuata baada ya kushindwa.

Chukua mji wa San Antonio, jimbo la Texas, Marekani. Mwaka 2018 shirika la serikali ya huko linalosimamia mazingira liliitangaza wilaya ya mji huo kuwa eneo lisilofikia kiwango cha ozoni, gesi inayotokea pale moshi wa magari na viwanda unapopigwa na jua kali. Tangazo hilo lilikuwa na meno. Mwaka 2022 eneo likapandishwa kwenye kundi la walioshindwa zaidi, na mwaka 2024 likapandishwa tena. Kila ngazi ina masharti yake. Mwenye kiwanda kikubwa anayetaka kuongeza tani 100 za moshi katika eneo la ngazi hiyo ya 2024 analazimika kwanza kutafuta tani 120 zilizopunguzwa kwingine katika eneo hilohilo. Miradi ya barabara inayotumia fedha za serikali kuu inabidi ithibitishe kwamba haitaongeza uchafu kupita mpango. Wafanyabiashara wa huko wanalalamika, na wana haki ya kulalamika, kwa sababu masharti hayo ni pesa. Lakini angalia pesa inatoka mfuko upi. Inaanza kwa mwenye bomba la moshi. Fundi cherehani wa San Antonio hatafuti tani 120 za kitu chochote.

Huku kwetu kushindwa hakutangazwi. Utabiri wa mvua tunausikia kila jioni. Tunaambiwa Arusha kesho nyuzi joto kadhaa, mawingu, vipindi vya jua. Sijawahi kusikia baada ya hapo mtu akisema hewa ya Arusha kesho itakuwaje, na kwamba mwenye pumu asipite Barabara ya Sokoine saa za jioni. Pale Mnara wa Saa, ambapo maelfu hupita kwa siku, hakuna ubao unaosema tumevuta nini leo. Na pasipo namba inayotangazwa, malalamiko ya mwenye kibanda yanabaki kuwa hisia zake, na hisia haziingii kwenye kikao cha bajeti.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo nadhani linachanganywa sana tunapozungumzia vumbi na moshi kana kwamba ni kitu kimoja.

Vumbi lile la gauni la komunio kwa sehemu kubwa ni chembe nene. Udongo wetu ni wa volkano, Mlima Meru umeutapika kwa maelfu ya miaka. Ukikauka unakuwa kama unga, na tairi moja linatosha kuuamsha. Chembe hizi puani unaziona kwenye kitambaa ukipenga, kooni unazikohoa. Zinaudhi, zinaharibu mali, zinamchokoza mwenye pumu, na nyingine ndogo zinafika ndani. Dawa yake inajulikana tangu barabara zianze kujengwa: maji, lami, nyasi, turubai juu ya lori la mchanga.

Moshi ni habari nyingine. Dizeli inayoungua nusunusu, mkaa, plastiki zinazochomwa nyuma ya nyumba saa mbili usiku, zote zinatoa chembe laini za PM2.5, ambazo upana wake ni kama sehemu moja ya 30 ya unywele. Hizi pua haizishiki. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mapafu, na nyingine zinapenya kuingia kwenye damu. Ndiyo maana madaktari wanazihusisha na kiharusi na magonjwa ya moyo, na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2012 taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, na mwaka uliofuata ikaiweka hewa chafu ya nje kwa ujumla kwenye kundi hilohilo.

Mtu anaweza kumwaga maji barabarani asubuhi, akaona hewa inang'aa, akadhani amemaliza. Amemaliza lile linaloonekana.

Na jiografia yetu haitusaidii. Mji umekaa kwenye miguu ya Meru, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapoingia na wingu likakaa chini kwa siku kadhaa, hewa iliyo karibu na ardhi inapoa kuliko iliyo juu yake, nayo ile ya juu inakuwa kama mfuniko wa sufuria. Moshi unaotoka Ngarenaro hauendi kokote. Na ndio msimu ambao kila nyumba imefunga madirisha na jiko la mkaa liko sebuleni. Mwenyeji yeyote wa Arusha aliyewahi kuamka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba anaijua harufu ninayoisema.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika jiji hili. Ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631. Watu laki mbili zaidi ndani ya miaka kumi, na kila mmoja anahitaji kupikiwa, kusafirishwa na kuondolewa taka. Barabara zilizowabeba ni zilezile kwa sehemu kubwa, na magari mengi yaliyowabeba yametumika kwanza kwa wenzetu Japani.

Niseme kidogo kuhusu magari, kwa sababu hapa kuna kosa tunalolifanya kwa mikono yetu. Mafuta yenyewe yameboreshwa: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isiwe na salfa zaidi ya sehemu 50 kwa milioni. Petroli yenye madini ya risasi ilikwisha kuondolewa miaka tisa kabla ya hapo. Gari la petroli linaloingia nchini kutoka Japani kwa kawaida linakuja na masega yake, kile kifaa kwenye bomba la moshi chenye matundu kama nyumba ya nyuki, kilichopakwa madini ya platinamu na jamaa zake, ambacho kinageuza sehemu kubwa ya gesi ya sumu kabla haijatoka nje. Gari likikaa barabarani muda, fundi anamwambia mwenye gari kwamba masega yanakula mafuta, yatolewe. Yanatolewa. Mwenye gari anapewa chochote, masega yanaingia sokoni, kwa sababu yale madini yana bei. Gari linarudi barabarani likiwa na bomba tupu.

Kwa dizeli tatizo lina sura nyingine. Filta ya hewa inajaa vumbi letu wenyewe, injini inakosa pumzi, nozo za kupulizia mafuta zimechakaa zinamimina badala ya kupuliza, na matokeo yake ni ule moshi mweusi unaomfunika mwenye bodaboda aliye nyuma ya kifodi kwenye mlima wa kupanda Sanawari. Yaani vumbi la barabarani linazalisha moshi. Kusafisha filta na kupima nozo ni kazi ya nusu siku gereji. Lakini ukaguzi ambao wenye magari wengi wanaujua unaangalia breki, taa na matairi. Bomba la nyuma halina anayelisogelea na kipimo.

Sasa turudi kwa wanaolipa.

Mwenye stesheneri anayetoa fotokopi anakwambia mashine inakunja karatasi kwa sababu roli zake zimejaa vumbi, na fundi wa mashine hizo si wa bei ya fundi baiskeli. Fundi simu anapuliza spika kutwa nzima. Muuza mitumba wa Kilombero aliyenunua belo la daraja la kwanza anajua kwamba shati jeupe lililoning'inia siku tatu linashuka bei kabla halijapata mnunuzi. Anakung'uta asubuhi, anakung'uta mchana, jioni anauza kwa hasara kuliko kulirudisha ndani. Saluni zinafunga milango na kuwasha feni, na feni ni umeme. Muuza nyanya anapangusa fungu moja mara tano. Hawa wote ni watu wa mtaji mdogo, faida yao ni ya siku, na kila shilingi inayokwenda kwenye maji na kitambaa cha kupangusia imetolewa kwenye ada ya mtoto au marejesho ya kikoba.

Wakubwa nao wanaguswa, ila kwa namna ya polepole. Arusha inaishi kwa wageni. Tuna ukumbi wa mikutano wa AICC, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na msururu wa watalii wanaolala hapa usiku mmoja kabla ya Ngorongoro na Serengeti. Swali linalowaumiza wenye hoteli ni kwa nini ni usiku mmoja. Sababu ni nyingi, sitazilundika zote juu ya hewa. Lakini mgeni aliyekuja kuona mlima, akakaa kwenye baraza la hoteli asiuone kwa sababu ya utando wa kijivu, na koo likamwasha, hana sababu ya kuomba usiku wa pili. Mwaka 2027 Tanzania itaandaa fainali za mataifa ya Afrika pamoja na Kenya na Uganda, na uwanja unajengwa Olmoti. Wachezaji watakimbia dakika 90 kwenye mwinuko huu, wakivuta hewa kwa wingi kuliko yeyote kati yetu anayetembea. Tutakuwa tumewatayarishia nyasi nzuri; hewa nayo inahitaji kutayarishwa.

Na gharama kubwa kuliko zote haionekani dukani. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba madhara ya kiafya ya PM2.5 yaliigharimu dunia dola trilioni 8.1 katika mwaka 2019, sawa na asilimia 6.1 ya pato la dunia nzima. Namba kama hiyo ni kubwa mno kushikika, kwa hiyo nairudisha kibandani. Mtoto wa fundi akikohoa usiku kucha, mama halali. Asubuhi wanakwenda zahanati, kibanda kimefungwa mpaka saa sita. Mteja aliyekuja saa tatu amekuta kufuli. Dawa imenunuliwa, nauli ya bodaboda imelipwa kwenda na kurudi, na kesho mtoto amerudi kukaa palepale, mita tatu kutoka barabarani, kwa sababu hakuna pa kumwacha. Mambo haya yakijirudia mara mbili kwa mwezi, ni siku nzima ya kazi iliyopotea. Hakuna daftari la serikali linaloandika siku hiyo.

Kuna hoja mbili zinazorudi kila ninapolizungumza hili na watu.

Ya kwanza ni kwamba maendeleo lazima yaje na vumbi: mnataka lami, vumilieni. Ninayaelewa maneno hayo, na yule fundi anaitaka lami kuliko mtu yeyote. Lakini kunyunyizia maji barabara inayojengwa ni sehemu ya ujenzi. Gharama ya boza la maji mara mbili au tatu kwa siku kipindi cha kiangazi ni ya mkandarasi. Asipolileta, hajaokoa kitu. Ameihamishia gharama hiyo kwa mama mwenye cherehani, anayefanya kazi ileile kwa madumu manne. Na barabara ikikaa miezi bila kufika lami, hayo si maumivu ya ujenzi tena, maana hakuna ujenzi unaoendelea.

Ya pili ni nzito zaidi, nami inanisumbua. Watu wanasema: ukianza kusimamia viwango vya hewa, atakayekamatwa kwanza ni mama lishe. Mgambo watakuja kubeba jiko lake la mkaa, na wenye malori watapita. Wana sababu ya kuogopa, tumeyaona mambo ya namna hiyo. Ndiyo maana nasema mpangilio wa nani anaanza kubanwa ndio moyo wa suala zima. Mama lishe anaunguza mkaa kwa sababu mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa pesa aliyoipata asubuhi hiyohiyo, wakati mtungi wa gesi unataka pesa yote kwa mkupuo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na serikali ilianza kwa kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Huo ndio mpangilio sahihi: bweni la shule kabla ya sufuria la mama lishe. Kwenye hewa ya mitaani tufuate njia hiyohiyo. Mkandarasi kabla ya muuza mahindi ya kuchoma. Lori la kifusi lisilo na turubai kabla ya bajaji. Gereji inayong'oa masega kabla ya kijana aliyelinunua gari hilo bila kujua.

Na wale wanaodhani mambo haya hayana historia nchini, nawakumbusha Tabata. Mwaka 1988 Joseph Kessy na wakazi wenzake wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa linachomwa karibu na nyumba zao, moshi na harufu vikiwaingia ndani. Jaji Lugakingira aliwapa haki. Alikataa hoja kwamba jiji halina pa kupeleka taka, akasimama kwenye Ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Kila nikilifikiria shauri lile naona jinsi jaji alivyolishika jambo mahali penyewe: moshi unaoingia chumbani kwa mtu ni suala la uhai wake, usichukuliwe kama kero ya majirani. Kilichofuata nacho kina funzo chungu. Dampo lilihamia Vingunguti, baadaye Mtoni, baadaye Pugu. Kila lilikohamia lilikuta watu. Tukitafuta tu mahali pengine pa kulipeleka vumbi na moshi wa Arusha, tutakuta kuna kibanda kingine na gauni jingine.

Tunaweza pia kutekeleza jambo tukiamua. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na wengi tulisema haiwezekani, nyanya zitabebwa na nini. Ndani ya wiki chache sokoni Kilombero kila mtu alikuwa na mfuko mbadala. Kilichofanya kazi pale ni kwamba kanuni ilikuwa moja, inaeleweka na kila mtu, na ilianza kwa mtengenezaji na mwingizaji.

Kwa hewa ya Arusha ningeanza na vitu vichache visivyohitaji kusubiri wafadhili. Mkataba wa kila barabara inayojengwa ndani ya jiji useme boza linapita saa ngapi, na malipo ya mkandarasi yaambatane na siku alizonyunyizia. Nakala ya kipengele hicho ibandikwe ofisi ya mtaa, ili mwenye kibanda ajue anaidai haki ipi. Ukaguzi wa magari ufike kwenye bomba la moshi, uanze na vifodi na malori. Na vifungwe vipimo vya hewa sehemu ambazo kila mtu anazijua: Stendi Ndogo, Kilombero, Unga Limited, Kwa Mrombo, na kimoja Njiro ili tulinganishe. Namba zake zisomwe redioni baada ya utabiri wa hali ya hewa, kwa Kiswahili cha kawaida. Mengine yatafuata kwa kuwa watu watakuwa na cha kushika mkononi wanapoingia kwenye mkutano wa mtaa.

Niliporudi kwa yule fundi wiki mbili baadaye, gauni la komunio lilikuwa limeshachukuliwa. Ile karatasi ya pateni hakuitupa. Ameinakili kwenye daftari la mistari, la kurasa 80, na wenye vibanda wanne wa jirani wameongeza safu zao: tarehe, boza limepita au halijapita, madumu mangapi, mteja gani ameondoka, nani mtoto wake amekwenda zahanati. Kwenye safu ya boza, katika siku 14, kulikuwa na alama mbili za ndiyo. Daftari linakaa kwenye droo ya cherehani, limefungwa ndani ya nailoni. Mwenyekiti wa mtaa ameahidi kwamba litasomwa kwenye mkutano ujao, na wao watano wamekubaliana kwamba siku hiyo vibanda vitafungwa saa nane mchana ili wote wawepo.